Mwalimu Anajibu: Kozi tatu zimefungwa pamoja na grupu letu limelala

Wiki hii barua karibu zote zimeangukia sehemu moja, huu utaratibu wa vyuo kuwaweka wanafunzi wa digrii ya kwanza kwenye jumuiya za kujifunza, yaani kundi lilelile linasoma kozi mbili tatu za fani tofauti kwa pamoja, na kuna mada moja inayozifunga. Nimechukua barua tatu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nilikuja chuo kusoma baiolojia, sasa tumewekwa watu 24 tunasoma baiolojia, takwimu na uandishi kwa pamoja, mada yetu ni maji. Kwanza huo uandishi sioni unanihusu nini. Pili asaimenti zote ni za grupu, tuko watano, nafanya mimi na mwenzangu mmoja tu, wengine wanatokea siku ya presentesheni wanasoma slaidi ambazo hawajawahi kuziona halafu maksi tunapata sawa. Niombe kuhamishwa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usihame kwanza. Ngoja nikupe kisa cha maji hayohayo mnayosoma. Mwaka 1854 kipindupindu kililipuka mtaa wa Soho kule London, na daktari mmoja, John Snow, akawa anaamini ugonjwa unatoka kwenye maji wakati wakubwa wengi wa tiba walisema ni hewa chafu. Alichofanya ni kuhesabu vifo nyumba kwa nyumba, akaona vimerundikana karibu na pampu ya Broad Street, akaenda kuwaeleza viongozi wa parokia na wao wakatoa mpini wa ile pampu. Hebu angalia hapo: kuna ugonjwa, kuna hesabu, halafu kuna kumshawishi mtu asiye daktari achukue hatua leo na sio mwakani. Ukikosa hiyo ya tatu unabaki na namba zako kwenye daftari, na hapo ndo uandishi unakuhusu.

Ila sehemu ninayoipenda mimi inakuja baadaye. Mchungaji wa pale mtaani, Henry Whitehead, hakukubaliana na Snow kabisa, akaanza kuchunguza mwenyewe ili amkosoe, na kwa kuwa alikuwa anawajua wale watu kwa majina, wanamfungulia mlango, alipata habari ambazo daktari asingezipata hata angekaa mwaka, mpaka akafika kwenye nyumba namba 40 ambako mtoto mchanga aliugua na nepi zake zilifuliwa, maji yakamwagwa kwenye shimo lililokuwa linavuja jirani kabisa na kisima cha ile pampu. Akageuka akawa upande wa Snow. Snow bila Whitehead angebaki na pengo, na Whitehead bila Snow asingejua hata atafute nini.

Sasa lipime grupu lenu kwa hicho kisa. Kazi mnayofanya, ina kitu chochote kinachohitaji watu watano? Kama mtu mmoja anaweza kuimaliza usiku mmoja peke yake basi itamalizwa na mtu mmoja, kila mara, na huyo mmoja ni wewe. Mnachofanya wengi ni kugawana vipande, wewe utangulizi, yule hitimisho, halafu mnakopi na kupesti pamoja, hiyo sio kushirikiana. Jaribuni hivi: kila mtu aje na kitu ambacho wengine hawana, mmoja amesoma vipimo vya maji, mmoja ana data, mmoja kaongea na watumiaji, halafu siku ya diskasheni kila mtu aeleze kipande cha MWENZAKE, sio chake. Aliyelala ataonekana hapohapo, tena mapema, sio siku ya presentesheni. Na nendeni kwa mwalimu wenu sasa hivi, wiki hii, mkamwombe sehemu ya maksi iwe ya mtu binafsi, hata ukurasa mmoja wa kila mtu. Ukienda baada ya matokeo utaonekana unalalamikia maksi.

Halafu jambo moja nakuomba, hao watatu usiwaite wavivu kabla hujawauliza. Mimi mwaka wa kwanza nilikaa kimya wiki sita nzima kwenye grupu la takwimu, sio kwa uvivu, niliachwa tangu mada ya pili na nikaona aibu kusema. Aliyenitoa ni mwenzangu aliyenigeuzia grafu akaniuliza wewe unaona hii inasema nini, akasubiri. Alisubiri kweli.

Swali: Habari za kazi mwalimu mwenzangu. Nafundisha uchumi, semista ijayo nimepangwa kufundisha darasa moja na mwenzangu wa historia. Naogopa kuonekana sijui mbele ya wanafunzi, halafu mkuu wa idara anasema mzigo wa kazi utahesabiwa nusu kwa nusu.

Jibu: Salama kabisa. Hiyo nusu kwa nusu ikatae, na uikatae kwa maandishi. Ukihesabiwa nusu utaingia nusu ya vipindi, itakuwa wiki hii wewe wiki ijayo yeye, na kazi ya kuunganisha uchumi na historia wanaachiwa wanafunzi ambao ndo wameanza kuzisoma zote mbili. Wote wawili muwe darasani kila kipindi.

Kuhusu kutokujua, pale Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, mwaka 1976 mwalimu mmoja wa pale, Patrick Hill, alianzisha mpango ambao mwalimu wa fani nyingine anapunguziwa vipindi vyake, anakaa na wanafunzi, anasoma wanachosoma, anafanya asaimenti zao, kisha anaendesha semina ya kuwasaidia waone kozi zao zinakutana wapi. Yaani kutokujua kwake ndo kulikuwa kazi yenyewe, wanafunzi wanamwona mtu mzima msomi akihangaika na kitu kigeni na wanajifunza namna ya kuhangaika. Nikuambie ukweli, mwanafunzi hapotezi heshima kwako ukisema hapa sijui tumuulize mwenzangu, anaipoteza ukidanganya.

Kabla hamjaandika mpango wa somo, tungeni asaimenti moja kwanza. Mfano mavuno mabaya ya 1788 Ufaransa, bei ya mkate ikapanda, mwaka uliofuata mapinduzi. Wewe una bei na ugavi, yeye ana mitaa na hasira za watu na deni la mfalme, na hamtakubaliana kipi kilikuwa na uzito zaidi. Msikubaliane mbele yao.

Swali: Mwalimu, mwanangu anaanza chuo na chuo kinatangaza sana hizi jumuiya. Kuna ushahidi zinasaidia au ni fasheni tu?

Jibu: Ndugu yangu, zinasaidia, ila sio kwa ukubwa unaotangazwa. Chuo cha Kingsborough kule Brooklyn, New York, walianza mwaka 2003 kufanya jaribio la maana, wanafunzi wapya waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaingia kwenye jumuiya wengine hapana. Wa kwenye jumuiya walifaulu kozi nyingi zaidi semista ile ya kwanza na walijisikia wako sehemu yao. Lakini jaribio kama hilo lilipopelekwa kwenye vyuo vingine, faida kwa wastani ilikuwa ndogo mno. Mimi naona tofauti kubwa iko kwenye kuunganisha, kuna vyuo vinaweka tu majina yaleyale kwenye ratiba ya kozi tatu na walimu hawajawahi hata kukaa meza moja. Kwa hiyo siku ya kutembelea chuo usiulize kama wana jumuiya, watasema wanayo. Ulizia walimu wa hizo kozi wanakutana mara ngapi kwa mwezi, na uombe wakuonyeshe asaimenti moja waliyoitunga pamoja.