Kabla hujamlipa mwalimu wa mazoezi, sikiliza anakuuliza nini

"Shikamoo dada. Nimehamishiwa Dodoma juzi juzi, nimepanga Kisasa, ofisi iko Mtumba. Sendofu yangu ni Desemba na nataka nipungue kilo 15. Nimempata mwalimu wa jimu, ana mwili mzuri balaa, anasema miezi miwili inatosha, ila anataka hela ya miezi mitatu mkononi. Nimlipe?"

Marahaba mdogo wangu. Usimlipe kwanza.

Ujumbe huu ulinifikia Jumapili usiku na nikashindwa kuujibu kwa mistari miwili, kwa sababu na mimi nilikuja Dodoma na wizara, na mimi nikalipishwa miezi mitatu mkononi na mtu mwenye mwili mzuri balaa. Wanaohamia huku wengi wanayajua maisha yale: asubuhi unakaa kwenye basi la wafanyakazi, mchana kutwa unakaa kwenye kiti, jioni unakaa tena kwenye basi, usiku chipsi kuku. Nilikuwa nimeshajifungua mara mbili, zote kwa upasuaji, na tumbo la mtoto wa pili halikurudi. Presha ikaanza kupanda, daktari akaniandikia vidonge na akaniambia nifanye mazoezi. Nikauliza ofisini, kila mtu akanitajia mwalimu mmoja wa jimu ya mjini.

Siku ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Mama, tatizo lako ni tumbo. Hilo tutalimaliza." Hakuuliza nimezaa mara ngapi wala nimezaaje. Hakuuliza presha, dawa, magoti, wala mgongo. Swali lake moja lilikuwa nitalipa kwa simu au taslimu.

Tukaanza. Kulala chali, mikono nyuma ya kichwa, kunyanyuka. Seti baada ya seti, kila jioni. Baada ya muda nikaanza kuona kitu ambacho sikuwahi kukiona: kila nikinyanyua mabega, katikati ya tumbo langu, kuanzia chini ya kifua hadi kitovuni, panainuka na kuchongoka kama paa la nyumba. Nikilala, panashuka. Mgongo wa chini nao ukawa unauma hadi nashindwa kuinama kwenye beseni. Nikamwonyesha. Akasema, "Hayo ni mafuta yanatafuta njia ya kutoka, ongeza bidii."

Siku nyingine alinirekodi nikiwa nimelala sakafuni nahema, machozi yananitoka kwa maumivu, akaweka kwenye status yake na maneno "Mama wa ofisini kapatikana leo." Kesho yake ofisini nikakuta watu wameshaiona. Nilimwomba aifute. Akajibu kwamba hiyo ni biashara yake, inamletea wateja. Nilipomwambia naondoka anirudishie hela ya miezi iliyobaki, akaacha kupokea simu. Miaka imepita na bado nikimkumbuka kifua kinanibana, na ninaliandika hili wazi kwa sababu najua wako wanawake wengi waliochekwa hivyo, wakaacha mazoezi moja kwa moja wakidhani miili yao ndiyo mibovu.

Mtaalamu wa mazoezi tiba hospitalini ndiye aliyeniambia ukweli. Alinilaza chali, magoti nimeyakunja, akaniambia ninyanyue kichwa kidogo tu, kisha akabonyeza vidole juu kidogo ya kitovu. Vidole vyake vitatu vikazama. Akanieleza kwamba kuna misuli miwili mirefu inayoshuka mbele ya tumbo, mmoja kulia na mwingine kushoto, na katikati imeunganishwa na utando. Ujauzito unauvuta utando huo, misuli inaachana. Kwa wengi inarudi taratibu baada ya kujifungua, kwa wengine pengo linabaki, na mimi ni mmoja wao. Ukiwa na pengo la namna hiyo, zoezi la kulala na kunyanyuka kwa pupa linasukuma vilivyomo tumboni kuja mbele, mahali pale pale palipolegea. Nilichokuwa nikiambiwa ni mafuta yanatoka, ni tumbo langu lililokuwa likisukumwa nje kila jioni, na nilikuwa nalipia.

Akaongeza jambo ambalo natamani kila mwenye kitambi Dodoma alisikie: hata kwa mtu asiye na tatizo langu, zoezi la tumbo linaimarisha misuli ya tumbo, lakini halichagui kuchoma mafuta ya tumbo. Mwili unachukua mafuta kokote unakotaka wenyewe. Kwa hiyo mwalimu anayekuahidi kukuondolea tumbo peke yake, au mapaja peke yake, ama hajasoma ama anakudanganya.

Mwalimu wangu wa sasa nilielekezwa na huyo mtaalamu. Ni binti mdogo kwangu, amesoma Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba. Siku ya kwanza sikutoa jasho hata tone. Tulikaa kwenye benchi, akafungua daftari la shule la mistari, akaandika jina langu juu, akaanza kuuliza. Umezaa mara ngapi? Kwa njia gani? Ulishawahi kuanguka, kuzimia, kubanwa kifua ukipanda ngazi? Unameza dawa gani? Unalala saa ngapi? Goti lipi linauma? Unakula nini usiku, na nani anapika? Kisha akauliza swali lililonifanya nimpende: "Mama, kuna kitu gani unataka uweze kukifanya ambacho sasa hivi hukiwezi?"

Nikamwambia ukweli wangu. Ninaishi ghorofa ya pili, maji yakikatika inabidi nimwombe kijana wa jirani anipandishie dumu la lita 20. Nataka nilipandishe mwenyewe.

Akaandika. Akaniambia nipime presha zahanati nimletee namba, na nimuulize daktari kama vidonge vyangu vinapunguza mapigo ya moyo. Kumbe baadhi ya dawa za presha zinafanya hivyo, na ukiwa unazimeza ile saa ya mkononi inayohesabu mapigo haiwezi kukuambia umechoka kiasi gani. Yeye anatumia kipimo cha kuongea: ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hapo ndipo penyewe. Ukishindwa hata kusema, punguza.

Zoezi la kwanza lilikuwa kukaa kwenye stuli na kuinuka bila kushika kitu. Alichuchumaa pembeni yangu, macho yake yako kwenye nyayo zangu. "Kisigino cha kushoto kinanyanyuka, goti linaingia ndani. Rudia polepole." Hakuna mtu aliyewahi kuiangalia miguu yangu kwa makini kiasi kile. Nilipoweza stuli, akaleta dumu la lita 10, akaweka maji kidogo, akapiga mstari kwa kalamu ya wino mzito pale maji yalipoishia. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna haja ya vyuma vya bei mbaya. Kila nilipolizoea, maji yaliongezwa na mstari mpya ukapigwa juu ya ule wa zamani. Dumu lile ninalo hadi leo, limejaa mistari.

Na dumu la lita 20 ninalipandisha. Ghorofa mbili, bila kupumzika kwenye ngazi. Vidonge vya presha daktari amenipunguzia mwenyewe baada ya kuona namba zangu. Ninajivunia, na sitaona haya kusema hivyo.

Sasa turudi kwako, mdogo wangu.

Kilo 15 kwa miezi miwili ni karibu kilo mbili kila wiki. Kasi ambayo wataalamu wengi wanaiona salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, yaani kwa wiki nane ni kilo 4 hadi 8. Mwalimu aliyekuahidi 15 bila hata kukuuliza unakula nini, muulize atazipataje. Akikutajia chai ya kupunguza tumbo au vidonge anavyouza mwenyewe, ondoka. Nyingi za chai hizo kazi yake ni kuharisha. Mzani unashuka kwa sababu umepoteza maji, na kwa jua letu hili na hewa kavu ya huku utakuja kuanguka barabarani.

Mwili wake mzuri usikutie wazimu. Mwili ule unaonyesha kwamba anajua kuufundisha mwili wake mwenyewe. Huenda ana miaka 24, hajawahi kubeba mimba, hajui presha ni nini. Mwombe akuonyeshe mtu anayefanana na wewe aliyemfundisha, mwanamke wa ofisini, mwenye saa chache, halafu zungumza na huyo mtu mwenyewe bila yeye kuwapo.

Cheti muulize pia. Wapo waliosoma vyuo vya michezo, wapo wenye vyeti vya nje kama vya ACE au NASM, mashirika ya Marekani yanayothibitisha walimu wa mazoezi, na hivyo vya nje unaweza kuvihakiki kwenye tovuti za waliovitoa. Anayejua kazi yake hakasiriki ukimuuliza. Muulize na hili: mtu akianguka ghafla hapa jimu hapumui, utafanya nini kabla gari halijafika? Kama hajawahi kufundishwa kukandamiza kifua, hafai kumkimbiza mtu mwenye presha.

Lakini kubwa kuliko yote ni hilo nililoanza nalo: anakuuliza nini? Kuna fomu inayoitwa PAR-Q+, ukurasa wake wa kwanza una maswali 7 tu ya ndiyo na hapana, kuhusu moyo, presha, kizunguzungu, dawa, mifupa na viungo. Dakika tano haziishi. Mwalimu asiyekuwa na dakika tano za kukuuliza habari za moyo wako anapata wapi haki ya kuukimbiza? Akikuuliza, msikilize anavyosikiliza. Anaandika, au macho yako kwenye simu? Ukimwambia pale panauma, anabadilisha zoezi, au anakupigia kelele uongeze bidii? Misuli kuuma siku ya pili na ya tatu baada ya zoezi jipya ni kawaida. Maumivu makali ya kuchoma kwenye kiungo wakati unafanya zoezi, hapo unasimama, na kocha anayekulazimisha kuendelea muage siku hiyo hiyo. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva baada ya mazoezi mazito, usimpigie kocha, nenda hospitali.

Dada zangu, na kaka zangu pia, tusikubali kutukanwa kwa hela yetu. Kelele si ufundi. Kumdhalilisha mtu mzima mbele ya vijana si ufundi. Mwambie tangu siku ya kwanza kwamba picha yako haipandi kwenye status bila ruhusa, na ukiona amenuna, umeshapata jibu. Sisi tunaofika huku tukiwa hatuna ndugu wala jirani wa kutushauri ndio tunaoliwa kirahisi, kwa sababu tunashika wa kwanza tuliyeonyeshwa.

Umbali nao uupime. Ukishuka kwenye basi kutoka Mtumba umechoka, jimu iliyoko upande mwingine wa mji hutaifika zaidi ya wiki ya pili. Tafuta karibu na Kisasa, au mwalimu anayekuja nyumbani. Na kama Ijumaa wewe ni mtu wa kupanda SGR kwenda kuona wazazi Dar, mwambie mapema, akupe mazoezi ya kufanya huko bila vifaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Hizo 150 utazipata bure kwa kutembea haraka asubuhi kabla jua halijawaka, au kwenye mchakamchaka wa vikundi vya mtaani. Hela yako iweke kwenye zile siku mbili za misuli, hapo ndipo jicho la mwalimu linapohitajika.

Kuhusu malipo: mwambie utalipa kipindi kimoja kimoja kwa wiki mbili za mwanzo, kisha mwezi mmoja, na upewe risiti au angalau ujumbe unaosema umelipia nini na ukisafiri vipindi vyako vinahamia lini. Mwalimu wangu alikubali masharti hayo bila kubishana. Huyo wako akikataa, niandikie tena, nimuulize binti kama ana nafasi ya jioni.