Akiona beseni tu, anaingia uvunguni mwa gari

*Maswali ya wafugaji, na majibu ya daktari wetu wa mifugo*

Habari za kazi, Dakta. Nina mbwa wa kienyeji, Popi, ana mwaka mmoja na nusu. Namwogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya unga ninayofulia, maana ananuka na watoto wanapenda kumkumbatia. Siku hizi anajikuna mgongoni karibu na mkia mpaka anatoka damu, na akiona beseni tu anaingia uvunguni mwa gari. Jirani ameniambia nimpake oili chafu. Nifanye nini?
*Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam*

Dada yangu, oili chafu usimpake. Hilo nalitanguliza kwa sababu nimepokea mbwa wengi waliopakwa. Ile oili inaunguza ngozi, na mbwa hawezi kuvumilia kitu mwilini mwake bila kukilamba, kwa hiyo usiku mzima anakunywa sumu. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe ambayo watu huipimia kwa kifuniko cha chupa. Ng'ombe ana kilo mia tatu, Popi hafiki hata ishirini.

Sasa tuje kwenye kujikuna. Sabuni ya unga imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, na kwenye ngozi ya mbwa inafanya kazi ileile: mafuta yake ya asili yanaondoka, ngozi inakauka na kuwasha. Kila Jumamosi ni mara nyingi mno. Ila hapo ulipopataja, karibu na mkia, pananifanya niwafikirie viroboto. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, kitandike chini ya Popi, kisha mchane kwa chanuo lenye meno membamba. Vikidondoka vichembe vyeusi kama unga wa kahawa, vikandamize kwenye ule unyevunyevu. Vikitoa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya Popi iliyokwisha kunyonywa. Ukiona hivyo nenda duka la dawa za mifugo, taja uzito wa mbwa, upewe dawa ya mbwa. Kama una paka nyumbani, mwambie muuzaji mapema, maana baadhi ya dawa za viroboto za mbwa zinaua paka. Matandiko anayolalia yafuliwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo, la sivyo utakuwa umefukuza nusu tu. Kidonda cha mgongoni kisipokauka baada ya siku chache, mpeleke kwa daktari.

Kumwogesha, mara moja kwa wiki tatu au nne inatosha. Tumia shampuu ya mbwa. Ukiikosa, shampuu ya watoto wachanga si mbaya kwa siku moja moja. Mimi huanika ndoo ya maji juani tangu asubuhi, na ikifika saa tano yamekuwa vuguvugu na bado kuna jua la kumkausha mnyama. Anza na shingo, izungushie povu kama mkufu, kwa sababu viroboto wakisikia maji hukimbilia kichwani na masikioni. Uso na masikio futa kwa kitambaa, usimwagie kopo la maji. Suuza mpaka maji yanayotiririka yawe safi kabisa, kisha suuza tena. Sabuni inayobaki tumboni na kwenye kwapa ndiyo inayowasha kesho yake.

Kuhusu woga wake, wiki nzima liache beseni tupu pale uani na umwekee dagaa wawili watatu humo ndani. Usimshike, usimwite. Aingie na kutoka mwenyewe. Siku ya kuoga weka gunia chini ya miguu yake, maana mbwa wengi wanaogopa kuteleza kuliko wanavyoogopa maji.

Na unapompaka sabuni, Dada, mikono yako imtafute. Pitisha vidole nyuma ya masikio, katikati ya vidole vyake, chini ya mkia. Kupe hujificha hapo. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu, moja kwa moja. Usimmwagie mafuta ya taa. Kupe wa mbwa wanaleta magonjwa ya damu, kwa hiyo Popi akilegea, akakataa kula na fizi zake zikapauka, mkimbize kwa daktari. Nilikuwa na mbwa jike, Jeni. Jumapili moja baada ya misa nikimwogesha, kidole changu kilikwama kwenye uvimbe mdogo kama punje ya harage, kwenye titi la nyuma kabisa. Kwa macho usingeuona. Tulimfanyia upasuaji wiki ileile, akaishi nami miaka minne zaidi.

Shikamoo Dakta. Nina miaka 13. Mbwa wetu Simba anafungwa mnyororo mchana kutwa. Baba anasema nikicheza naye atakuwa mpole, hatabwekea wezi. Mimi nikirudi shule nacheza naye kwa siri, namrushia gunzi la mahindi analileta. Ni kweli nitamharibu?
*Mwanafunzi, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Kwanza, hilo gunzi liache leo. Mbwa akilimeza haliyeyuki tumboni, linaziba utumbo. Nimewahi kulitoa kwa kisu kwenye utumbo wa mbwa ambaye kwa siku nne alikuwa akitapika kila anachokula, na wenyewe wakidhani amelishwa sumu. Chukua suruali kuukuu ya jinzi, kata vipande virefu, visuke kama nywele, kisha funga mafundo mawili makubwa. Huo ndio mchezo wake. Mfundishe neno moja tu, "achia": akiachia, mrushie tena.

Humharibu. Mbwa hubweka kwa sababu anajua nani wa kwao na nani mgeni, na hawezi kuwajua wa kwao akiwa hawaoni ila kwa sufuria ya ugali. Anayefungwa kutwa bila mtu hawi mlinzi hodari. Anakuwa mwoga, na mbwa mwoga humng'ata hata mtoto anayempelekea maji. Ninakuomba usifanye kwa siri. Msomee Baba ukurasa huu jioni akiwa ametulia, na mwombe akufungulie Simba nusu saa, geti likiwa limefungwa, yeye mwenyewe akiwepo. Iwe alfajiri kabla ya shule au saa kumi na moja jioni. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema, na jua la saa nane linaweza kumuua akiwa mchezoni. Ulimi ukining'inia sana, mpe maji na mpumzike.

Muulize Baba pia kama Simba amechanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo huanza akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Mbwa yeyote akikung'ata au kukuparua, wa kwenu au wa njiani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu uende hospitali siku hiyohiyo. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Ugonjwa huo dalili zake zikishaanza, hauponi.

Asalaam aleikum, Dakta. Nafanya kazi za bustani. Bosi ameniongezea kazi ya kuogesha mbwa wake wawili wakubwa. Mama yangu hataki niingie ndani na nguo hizo kwa sababu ya najisi. Halafu mbwa mmoja ananiunguruma.
*Kijana, Tanga*

Waaleikum salaam, kijana wangu. Suala la twahara, yaani usafi wa kidini, lipeleke kwa sheikh wako. Mama yako anafuata wanachofundishwa Mashafii wengi wa pwani, yaani Waislamu wa madhehebu ya Shafii: kuosha najisi ya mbwa mara saba, moja kwa udongo, na anastahili kuheshimiwa. Ninaloweza kusema mimi ni la kazi: mwombe bosi glavu ndefu, aproni ya mpira, mabuti, na ovaroli inayobaki na kufuliwa hukohuko kazini.

Anayeunguruma anakueleza kwamba hakujui. Usimpige, usimkazie macho, simama ubavu. Mwambie bosi mara mbili tatu za mwanzo ashike kamba yeye mwenyewe na akuonyeshe kadi ya chanjo ya kila mbwa. Asipofanya hivyo, usiwaguse.