Fundi Gitaa Anajibu: Kabla hujamaliza hela kwenye pikapu

Mwezi huu maswali mengi yamehusu magitaa ya umeme yale yenye matundu ya herufi f kifuani, naona yamezagaa mjini sasa hivi. Nimechagua matatu.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mpiga solo, nipo Kirumba hapahapa Mwanza, tunapiga maharusi na wikiendi tupo baa. Nina gitaa la Epiphone Dot nimelinunua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama. Shingo yake naipenda mno, shida ni sauti, ina matope flani hivi, nikipunguza volyumu kidogo tu ndo inakuwa kama nimelifunika blanketi. Volyumu yenyewe inakwaruza. Na uzi wa tatu haukai kwenye tyuni hata wimbo mmoja. Nimeona YouTube watu wanatoa pikapu zote, yaani vile vinasa sauti vilivyokaa chini ya nyuzi, wanaweka za bei mbaya. Nina laki tatu na nusu, ninunue pikapu gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue pikapu yoyote kwanza. Hiyo laki tatu na nusu, ukitafuta pikapu mbili za jina kubwa halafu ukaweka usafiri na ushuru, utabaki unadaiwa, na ukishazifunga uzi wa tatu utaendelea kuhama vilevile na volyumu itaendelea kukwaruza, maana hayo matatizo hayapo kwenye pikapu.

Gitaa lako ni ukoo wa ES-335, gitaa ambalo kampuni ya Gibson waliitoa 1958. Mbavu zake ziko wazi ndani ila katikati limepita gogo la mbao, na pikapu na daraja (kile chuma nyuzi zinapolalia kifuani) vimekaa juu ya hilo gogo, ndo maana sauti ina hewa lakini halipigi yowe, yaani kulia lenyewe mbele ya spika, haraka kama yale yenye tumbo tupu kabisa. Epiphone na Gibson ni nyumba moja tangu 1957 kwahiyo umbo hawakubahatisha. Pale wanapobana hela kwenye haya magitaa ya bei nafuu ni vitu vidogo: nati, yaani kile kipande cheupe nyuzi zinapopita kabla ya kufika kichwani, halafu potenshometa, yaani vile vya kuzungusha vya volyumu na toni, swichi, jeki (tundu la kuchomekea waya wa ampu) na waya. Yaani humohumo ulimolalamikia.

Tuanze na uzi wa tatu. Kichwa cha gitaa lako kina funguo tatu kila upande na kimelala kwa nyuma, kwahiyo uzi wa tatu na wa nne ukitoka kwenye nati unakunja kwenda pembeni. Ukiuvuta kwa kidole unateleza kidogo, ukiuachia unakwama kwenye mfereji haurudi ulikokuwa. Jipime mwenyewe: tyuni uzi, kisha ubonyeze pale kati ya nati na ufunguo, ukisikia "ting" na sauti ikapanda basi mchawi ni nati. Wengi hapa wanakimbilia kununua funguo mpya za kufunga, nzuri sana kwa kubadilisha nyuzi haraka, ila mfereji ukiwa umebana uzi, hata ufunguo wa dhahabu hausaidii kitu. Legeza uzi, chora ndani ya mfereji na penseli laini, ule unga mweusi unalainisha. Ikisaidia nusunusu, nati ibadilishwe, soma jibu linalofuata hapo chini.

Matope sasa. Chukua bisibisi ushushe pikapu ya shingoni, hii ni bure na watu hawaijaribu. Bonyeza nyuzi kwenye freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) ya mwisho kabisa, kati ya pikapu na nyuzi uache kama milimita 3 upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyembamba, afu endelea kusikiliza unashusha au unapandisha robo zamu. Pikapu ikikaa karibu sana na nyuzi nene inanguruma tu. Baada ya hapo puliza dawa ya kusafishia kontakti kwenye potenshometa, ile wanayotumia mafundi redio, zungusha volyumu mpaka mwisho na kurudi mara nyingi. Kukwaruza kukiisha sawa, kusipoisha zinabadilishwa zote nne kwa mpigo, maana kazi ya kuzitoa ndo ngumu, ukishaingia humo usiingie mara mbili.

Agiza za 500K (kilo-om 500), pikapu za koili mbili kama zako ndo zinataka hizo. Pima kwa mita hata kama ni mpya, iliyoandikwa 500 unaweza kuikuta inasoma chini sana, weka zile zinazosoma juu kwenye volyumu. Kapasita ya toni weka 0.022 maikrofaradi, na usidanganywe na za mafuta na karatasi za bei ya mbuzi, thamani ikiwa ileile gitaa halijui tofauti. Kwa lile tatizo la blanketi ukishusha volyumu, kwenye ile volyumu unganisha kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.001 pamoja na rizista ya 150K kwa sambamba, kati ya mguu unaoingia sauti na mguu wa katikati. Nyuzi nyembamba zitabaki zinang'aa hata ukishusha nusu. Vitu vya hela ndogo mno na kwa mpiga solo anayecheza na volyumu katikati ya wimbo naona ndo badiliko lenye faida kuliko yote.

Shida sasa ni kuingiza. Hili gitaa halina mfuniko nyuma kama yale ya ubao mzima, kila kitu kinapita kwenye tundu la f. Pima upana wa tundu lako kabla hujalipa, potenshometa kubwa ina kipenyo kama milimita 24 na sio kila tundu linaikubali, isipopita chukua ndogo za milimita 16 na roho yako itulie. Kitu kingine, shingo ya potenshometa kubwa za kampuni ya CTS inataka tundu la milimita 9.5 wakati magitaa mengi ya Asia yametobolewa madogo, na hapa ndo watu wanapasua rangi kwa drili. Usitumie drili. Tanua kwa mkono taratibu na faili ya duara, ukizunguka upande mmoja tu. Na vifundo vyako vya zamani huenda visiingie kwenye mhimili mpya kwa sababu meno hayalingani, ulizia vifundo hapohapo dukani.

Kabla hujasukuma kitu ndani funga mshipi wa kuvulia kwenye kila mhimili, na kwenye jeki, na kwenye swichi. Ndio, mshipi wa nailoni huohuo wa wavuvi wa mwaloni, hapa kwetu haukosekani. Ukivuta ya zamani itoke kupitia f, mshipi unabaki umelala njiani, unaufunga kwenye mpya unaivuta mpaka inachomoza kwenye tundu lake. Waya zote uzichome (uziunganishe kwa risasi ya kuyeyusha) nje ya gitaa, chukua boksi la maji ya chupa, weka karatasi juu ya gitaa uchore matundu manne yalivyokaa, hamishia kwenye boksi, toboa, panga potenshometa hapo ndo uchome risasi. Ikishakamilika chomeka kwenye ampu ikiwa bado nje, gonga pikapu kwa bisibisi taratibu, pikapu zote mbili zilie na swichi ifanye kazi kila upande. Ukiruka hili jaribio ukaja kugundua waya mmoja umeachia baada ya kuingiza kila kitu, utalala na hasira.

Jeki nunua ya Switchcraft, hiyo usiibanie hela.

Chenji ikibaki ndo tuongee pikapu. Hii ya koili mbili alibuni Seth Lover pale Gibson 1955 kwa ajili ya kuua mngurumo wa umeme, na za mtindo ule wa zamani zinasoma kilo-om 7 mpaka 8 hivi. Mimi ningekushauri ubaki hapohapo, za sumaku ya alniko, usifuate zile zenye nguvu nyingi. Solo la huku kwetu, hili la muziki wa benga ambalo marehemu mpiga gitaa D.O. Misiani mzaliwa wa Shirati alilifikisha mbali, linataka kila noti isimame peke yake kavu, pikapu ya nguvu inazinenepesha zinagandana. Ila ukweli ni kwamba ukifanya hayo ya juu vizuri, kuna uwezekano mkubwa hutaniandikia tena kuhusu pikapu.

SWALI: Kaka, nasikia nati ya mfupa ndo mpango mzima. Huku Sengerema kupata ya dukani ni mtihani. Mfupa wa buchani unafaa?

JIBU: Unafaa sana, na usukumani tukose mfupa wa ng'ombe kweli? Muombe mchinjaji muundi, ile sehemu iliyonyooka na nene. Kwangua nyama yote, toa uboho, chemsha moto mdogo na sabuni kidogo ya vyombo mafuta yatoke, badilisha maji, afu uache ukauke kivulini wiki kadhaa. Ukiharakisha mafuta yanabaki ndani, mfupa unakuwa na doa la njano na unanuka. Usiloweke kwenye jiki, inaulegeza.

Kata kwa msumeno wa chuma ukiwa umevaa barakoa, vumbi la mfupa sio la kuvuta. Kunyoosha, bandika msasa juu ya kioo ndo uukwangulie hapo, pande zote ziwe tambarare kabisa. Ya zamani usiing'oe kwa koleo: pitisha wembe kwenye mstari wa rangi pande zote, weka kijiti cha mbao upande wa ubao wa freti ugonge kidogo, itaachia. Itunze maana ndo ramani yako, upana wa karibu milimita 43 na nafasi za nyuzi unakopi kutoka humo. Ukipanga mwenyewe kumbuka nafasi inayolingana ni ile kati ya ukingo wa uzi na ukingo wa uzi mwenzake, sio kati ya katikati na katikati, la sivyo nyuzi nene zitaonekana zimesongamana.

Mifereji ndo penye kazi. Faili zake maalumu ni ghali, ila nenda duka la vifaa vya kuchomelea uulizie zile waya za meno za kusafishia pua ya gesi, zinakuja seti ya unene tofauti, chagua inayozidi uzi kidogo sana. Chimba ikiinamia upande wa kichwa, na ile ya uzi wa tatu na wa nne uielekeze kidogo pembeni kule funguo zilipo. Kina unakijua hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya 3, angalia juu ya freti ya 1, kuwe na mwanga mwembamba wa unywele. Kukiwa na mwanga mwingi bado chimba, ukigusa umeshapitiliza unaanza na kipande kingine, kwahiyo kata viwili kabisa. Kugandisha ni tone dogo la supa gluu, dogo kweli, kuna siku mtu atataka kuitoa.

SWALI: Bwana asifiwe fundi. Tupo Nansio Ukerewe, napiga Ibanez AS73 kwenye kwaya na tunatumia jenereta. Gitaa linapiga yowe tukipandisha sauti, na nikiimba midomo ikigusa maiki napigwa shoti. Nibadilishe waya za ndani za gitaa?

JIBU: Amina. Hiyo shoti acha mzaha nayo, usiimbe na hilo gitaa mpaka ishughulikiwe. Nyuzi zako zimeunganishwa na bodi la ampu kupitia waya wa ethi (ule wa kupeleka umeme ardhini), maiki imeunganishwa na bodi la mixa, na kama ethi haipo, au kuna mtu kakata mguu wa tatu wa plagi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili, tofauti ya umeme inapita mdomoni kwako. Wako watakaokwambia ukate ule waya unaoenda kwenye daraja la gitaa, usithubutu kuwasikiliza, utapata mngurumo na hatari iko palepale kwenye jeki na kwenye vyuma vingine. Ampu na mixa zitoke kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, na fundi umeme mwenye leseni aje aangalie jenereta na kufukia fimbo ya ethi. Kila mnapofunga vyombo, weka mita kwenye volti AC, waya mmoja kwenye uzi wa gitaa mwingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma zaidi ya volti mbili tatu, zimeni.

Yowe ni dogo. Usisimame kifua cha gitaa kikitazama spika, geuka ubavu, na mtu wa mixa apunguze besi ya gitaa kwanza kabla hajapunguza sauti yote. Bado linalia, ziba matundu ya f. B.B. King alikuwa anasokomeza vitambaa humo, mpaka Gibson wakamtengenezea lake lisilo na matundu kabisa mwaka 1980. Wewe tumia sponji ya godoro, kata umbo la f ukizidisha kidogo ili libane lenyewe bila gundi, paka rangi nyeusi kabla ya kulivalisha, na uchunguze lisiguse waya za swichi.