Amina ya pili

Mmeuliza wiki hii kama ni sawa kukemea mahusiano ya jinsia moja hadharani. Hapo kwenye "sawa" mimi nitapita pembeni. Nataka kuuliza ni nani huwa amekaa pale akisikiliza.

Niseme mapema: nimelelewa kanisani, na bado naamini ni dhambi. Msiniweke kundi la wanaharakati.

Siku ya mazishi ya baba, mhubiri alimwacha marehemu katikati ya mahubiri akawageukia "wanaume wanaolala na wanaume". Alisema ni ugonjwa, ni laana inayoingia nyumba zisizo na maombi. (Ugonjwa! Shirika la Afya Duniani liliufuta kwenye orodha yake ya magonjwa tangu 1990.) Mdogo wangu wa kiume alikuwa kushoto kwangu. Alikuwa anakunja karatasi ya ratiba ya ibada, nusu, tena nusu, mpaka picha ya baba ikabaki jicho moja na kipande cha sikio. Lakini ninayemkumbuka zaidi ni mama. Alikuwa anajua. Sote tulikuwa tunajua, hakuna aliyewahi kulitamka. Amina ya kwanza hakuitikia. Mwanamke aliyekaa naye akageuka kumtazama, na ya pili mama akaitikia, kwa sauti, akiwa ameng'ang'ania leso yake. Mikono ya mdogo wangu ikaacha kukunja. Hapo nikajua amesikia.

Mimi pia niliitikia. Hilo sikupanga kuliandika.

Ile karatasi mama aliiokota, mpaka leo imo ndani ya Biblia yake, na mikunjo yake vilevile.

Nilipoanza nilitaka kusema kemeeni, ila kwa upole. Sasa huo upole siuoni ungekaa wapi. Labda isiwe mazishini. Labda isiwe mbele ya wazazi, wala mbele ya vijana ambao bado hawajajijua. Nikiendelea kuondoa hivi, sibakiwi na mkusanyiko hata mmoja wa kukemea ndani yake. Basi wasikemee. Naandika hivyo nikijua kuna watakaosema nimelegea, na pengine kweli nimelegea. Dhambi bado naiita dhambi, na huenda mwezi ujao nikabadili tena kauli.

Mdogo wangu hunipigia simu kila Jumapili asubuhi, saa ambayo anajua mama yuko ibadani.