Maswali ya Wasomaji: Meshi ya Heksahedra kwa Maumbo Yaliyochongoka

SWALI: Ndugu wahandisi, nina nguzo ya zege yenye kitako cha mraba wa milimita 600, juu inaishia mraba wa milimita 300, na urefu wake ni mita 3. Nimeichora kwenye Gmsh (programu ya kugawa umbo katika vipande vidogo, yaani meshi) na kuweka Transfinite kila mahali, lakini bado napata tetrahedra (vipande vyenye nyuso nne) tupu badala ya heksahedra (vyenye nyuso sita). Nikijaribu Extrude, nguzo inatoka imenyooka. Nakosea wapi? *Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi*

JIBU: Tuanze na Extrude. Amri hiyo husogeza sura ya chini bila kuipunguza, kwa hiyo haiwezi kukupa umbo lililochongoka. Chora nguzo kwa mkono: pointi 8, mistari 12, nyuso 6, ujazo 1. Ubavu wa nguzo yako ni bapa, basi Plane Surface inatosha. Kama sehemu ya juu ingekuwa imezungushwa kidogo kuliko ya chini, ubavu usingekuwa bapa tena, na hapo ungetumia Surface ya kawaida badala yake.

Tetrahedra zinatokana na kukosa amri ya Recombine. Transfinite hupanga nodi (pointi za meshi) tu. Haibadilishi pembetatu kuwa pembenne. Ongeza Recombine Surface kwa nyuso zote sita, kisha Transfinite Volume. Ukiusahau uso hata mmoja, ujazo hautapata heksahedra.

Sasa ukubwa wa elementi (kila kipande cha meshi), maana hapa ndipo maumbo ya namna hii huwapotosha wengi. Idadi ya elementi haipungui ukipanda juu. Kinachopungua ni upana wa kila moja. Ukigawa ubavu mara 12, elementi ya chini ina upana wa mm 50 na ya juu mm 25. Ukiziacha zote ziwe na kimo kimoja cha mm 50, za juu zitakuwa ndefu mara mbili ya upana wake. Afadhali kimo nacho kishuke kutoka 50 hadi 25. Hesabu ya mfululizo inatoa migawanyo 83 yenye uwiano wa 0.9916. Gmsh huhesabu nodi, si migawanyo, kwa hiyo andika 13 kwa mistari mifupi, na kwa mistari minne iliyosimama andika 84 pamoja na Using Progression 0.9916. Jumla ni elementi 11,952.

Progression hufuata mwelekeo uliochorea mstari. Kama mistari mitatu ilianzia chini na wa nne ukaanzia juu, matabaka ya meshi yatapinda upande mmoja. Weka alama ya kutoa mbele ya namba ya mstari huo, yatanyooka.

Kuhusu aina ya elementi: ukikata nguzo hii kwa wima, ubavu wa kila elementi ni trapeza. Heksahedra ya nodi 8 iliyokokotolewa kikamilifu huwa ngumu kupita kiasi nguzo inapopinda, na zile zilizoboreshwa kwa ajili ya kupinda, kama C3D8I ya CalculiX (programu ya kukokotoa miundo), hupoteza ubora wake zikiwa na umbo la trapeza. Sisi tungetumia za nodi 20. Weka Mesh.ElementOrder = 2 na Mesh.SecondOrderIncomplete = 1, la sivyo utapata za nodi 27. Ukipeleka faili CalculiX, hakikisha aina iliyoandikwa ni C3D20R.

SWALI: Natengeneza meshi ya bomba linalopanuka kama koni: kipenyo cha kuingilia mm 100, cha kutokea mm 160, urefu mm 400. Natumia blockMesh, chombo cha kutengeneza meshi cha OpenFOAM (programu ya kukokotoa mitiririko). Bloku moja yenye matao manne inanipa seli (vipande vya meshi) mbovu kwenye pointi nne za ukutani, na checkMesh (amri ya kukagua meshi) inalalamika. Nifanyeje? *Msomaji wa Nairobi*

JIBU: Bloku moja haifai kwa duara. Pembe nne za mraba ulizibandika juu ya duara, na pale pande mbili za mraba zinapokutana kwa digrii 90, duara linazilazimisha zikaribie digrii 180. Seli ya kwenye pembe inalala bapa, na hakuna idadi ya seli itakayoiponya.

Dawa ni bloku tano: moja ya katikati na nne za kuizunguka. Kila mwisho wa bomba una pointi 8, nne za kiini na nne za ukutani, zote kwenye mistari ya digrii 45. Weka kiini kwenye asilimia 60 ya nusu kipenyo, pande zote mbili za bomba. Uwiano huo ukitofautiana kati ya mwanzo na mwisho, seli za pembeni zitabanwa upande mmoja bila sababu. Kwa vipimo vyako (x na y, kwa mm):

Kuingilia: kiini kwenye ±21.21, ukuta kwenye ±35.36.
Kutokea: kiini kwenye ±33.94, ukuta kwenye ±56.57.

Matao ya ukutani yapitie pointi zilizo mm 50 kutoka katikati upande wa kuingilia na mm 80 upande wa kutokea. Kiini nacho kisiwe na pande zilizonyooka. Kwenye pembe ya kiini bloku tatu hukutana. Pande zikinyooka, kiini kinachukua digrii 90 na jirani zake 135 kila moja. Zitunishe kidogo kwa matao yanayopitia pointi zilizo mm 23.07 kutoka katikati kuingilia na 36.91 kutokea, na mgawanyo unakuwa 110, 125 na 125. Mistari ya urefu wa bomba iache ilivyo, minyoofu, maana ubavu wa koni ni mistari minyoofu.

Kwa kila bloku ya pembeni, upande wa kwanza uende sambamba na kiini, wa pili utoke kwenye kiini kwenda ukutani, wa tatu ufuate urefu wa bomba. Ukitazama kutoka mwisho wa kutokea, upande wa kwanza uende kwa mwelekeo wa saa. Ukiugeuza, bloku inajipindua ndani nje na ujazo wake unakuwa hasi. Idadi ya seli ni (12 20 80) na simpleGrading, yaani uwiano wa ukubwa wa seli kila upande, ni (1 0.03125 1.6). Kiini ni (12 12 80) na simpleGrading (1 1 1.6). Jumla ya seli ni 88,320. Usisahau scale 0.001, la sivyo bomba lako litakuwa na urefu wa mita 400.

Namba 0.03125 inahitaji uangalifu. Kwenye Gmsh uwiano ni wa seli na jirani yake. Kwenye blockMesh ni wa seli ya mwisho kwa ya kwanza. Ukuaji wa 1.2 kwa seli 20 ni 1.2 kwa kipeo cha 19, yaani karibu 32, na kwa kuwa tunaelekea ukutani tunaandika moja kwa 32. Kwenye mstari wa digrii 45 wa kuingilia, seli ya ukutani inapata unene wa mm 0.107 na ya mwisho kuelekea ndani mm 3.4, inayolingana vizuri na mm 3.5 za kiini.

Upande wa kutokea seli ya ukutani ina mm 0.171, lakini hilo lisikutishe. Eneo limekua mara 2.56, kwa hiyo kasi imeshuka hadi karibu asilimia 39 na y+ (umbali usio na kizio wa seli ya kwanza kutoka ukutani) inapungua badala ya kuongezeka. Piga hesabu ya seli ya kwanza kwenye sehemu nyembamba kila mara, hata mtiririko ukielekea kinyume.

Ukiona ujumbe kwamba idadi ya nyuso kati ya bloku mbili hailingani, linganisha migawanyo ya ukingo ambao bloku hizo zinashirikiana. Kwenye checkMesh angalia mipaka miwili: digrii 70 za kutokuwa mraba (non-orthogonality) na 4, isiyo digrii, ya mshazari (skewness). Ukuta wako umeinama digrii 4.3 tu, hautakusumbua. Kwa koni iliyoinama digrii 30, sehemu bapa za kukata hazikutani na ukuta kwa mraba. Hapo zipinde kama kipande cha tufe.

SWALI: Je, koni ikifika hadi ncha kabisa, heksahedra zinawezekana?

JIBU: Ndiyo, ila si kwa kuzibana nodi zote kwenye pointi moja, maana hapo nyuso zinabaki bila eneo. Robo ya koni ina nyuso nne na pembe nne, yaani ni tetrahedra kimpangilio, na kila tetrahedra hugawika kwa heksahedra nne, moja kwa kila pembe. Koni nzima ni bloku 16. Njia hii inafaa koni iliyo pana. Ikiwa nyembamba, seli ya nchani inakuwa kali mno: ikate ncha kwa nusu kipenyo kidogo, kisha endelea na bloku tano zile zile.