Nilivuta sindano, damu haikuja. Mbona mgonjwa alibadilika?

SWALI: Daktari, mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya. Majeruhi wa bodaboda waliovunjika mbavu huwa nawachoma ganzi ya neva za mbavu. Juzi kijana wa kilo 50 nilimpa ganzi ya bupivakeini ya asilimia 0.5, mililita 30. Nilivuta sindano kwanza, damu haikuja. Baada ya dakika kama 20 akasema ulimi mzito, masikio yanavuma, kisha midomo ikaanza kumchezacheza. Ilipita yenyewe. Je, ana mzio wa ganzi?

JIBU: Si mzio. Ulimzidishia. Asilimia 0.5 ni miligramu 5 kwa kila mililita, kwa hiyo alipata miligramu 150, na kwa kilo zake mwisho ni 100. Hesabu utairekebisha. Kinachonikera ni hiyo "nilivuta, damu haikuja". Kila nikiitiwa mgonjwa wa namna hii, hilo ndilo neno la kwanza ninaloambiwa.

Kuvuta kunasaidia usimwage dawa moja kwa moja ndani ya mshipa wa damu. Hata hapo si uhakika: ukuta wa mshipa mwembamba hunyonywa ukaziba ncha ya sindano, usione kitu. Ndiyo maana tunaingiza mililita 3 hadi 5, tunasubiri, tunavuta tena. Lakini ganzi iliyokaa mahali pake sawasawa nayo huingia kwenye damu, taratibu, na hufika kileleni wewe umeshavua glavu unaita mwingine. Mbavuni hunyonywa haraka kuliko karibu bloku zote, yaani ganzi za neva za sehemu nyingine. Begani ni chini ya hapo, pajani chini zaidi. Dozi hiyohiyo ingewekwa pajani, huenda kijana asingesema lolote, nawe ungeendelea kuamini uko salama. Bupivakeini ikizidi zaidi ya hapo huleta degedege na kusimamisha moyo, na moyo huo ni mgumu kuurudisha. Mwangalie mgonjwa angalau dakika 30, na uwe na oksijeni, dawa ya degedege na mafuta ya mshipani ya asilimia 20, tiba ya ganzi iliyozidi mwilini: mililita 1.5 kwa kilo, kwa huyu 75. Propofoli, dawa ya usingizi, ni nyeupe kama mafuta hayo, lakini haishiki nafasi yake.

Wewe angalau umeuliza. Vishoka wanaotahiri watoto majumbani hununua ganzi ya lignokaini ya asilimia 2 kama wanavyonunua panadoli. Mtoto wa kilo 10, kwa isiyo na adrenalini (dawa inayobana mishipa ya damu), kikomo chake ni miligramu 30, yaani mililita moja na nusu. Wao hujaza bomba la mililita 5, na mtoto akilia wanaongeza. Wapo wanaochukua hata yenye adrenalini, ambayo uumeni haiwekwi kabisa. Mzazi akifika kwa mtahiri asiye na mizani, amchukue mwanawe waondoke.