CT ya kichwa imetoka safi, shingo ya nini tena?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu alipata ajali ya gari. Anaongea, anatembea, na CT skani ya kichwa haina tatizo. Sasa wanataka kumrudisha kwenye mashine wamchome dawa, wapige picha mishipa ya shingo, eti kwa sababu ana mchubuko wa mkanda shingoni na pingili ya pili ya shingo ina ufa. Si kumsumbua bure? Utrasaundi haitoshi?
Dada wa majeruhi

JIBU: Marahaba. Nakuomba usimzuie, na kipimo kifanyike leo.

Ubongo hulishwa damu na ateri nne: karotidi mbili kwa mbele, na vetebra mbili kwa nyuma, ambazo hupanda zikipita ndani ya matundu ya pingili za shingo. Pingili ikipasuka, ateri iliyomo inaweza kuvutika mpaka utando wake wa ndani ukachanika. Mkanda uliokaba shingo unaweza kuiumiza karotidi vilevile. Kwa nje mgonjwa ni mzima. Ndani, damu inaganda pale palipochanika, na donge likichomoka likafika ubongoni, ni kiharusi. Mara nyingi hutokea saa kadhaa au siku chache baada ya ajali. Ndiyo maana kichwa kimeonekana safi: madhara bado hayajafika huko. Muda huo ni wa thamani kubwa mno, kwa sababu jeraha likigundulika mapema, aspirini au heparini (dawa za kuzuia damu isigande) hupunguza sana hatari, mradi hakuna sehemu nyingine inayovuja damu.

Utrasaundi safi isingenituliza. Mawimbi yake hayapenyi mfupa, na vetebra imejificha humo humo. Karotidi nayo, ikikaribia fuvu, haifikiki. CT yenye dawa ya ayodini huonyesha njia yote, toka kifuani hadi ubongoni. Kama ana ugonjwa wa figo au aliwahi kudhurika na dawa hiyo, waambieni kabla.

Majibu yakitoka, ulizeni daraja la jeraha. Yapo matano: la 1 ni ukuta kukwaruzika kidogo, la 3 ni uvimbe wa ukuta, la 4 ateri imeziba, la 5 imekatika na inavuja. Jeraha likipatikana, kwa kawaida picha hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10.

Wakati mnasubiri, mtazame machoni. Kope moja ikilegea na mboni ya jicho hilo ikawa ndogo kuliko ya pili, au mdomo ukipinda, au mkono ukikosa nguvu, mwite muuguzi papo hapo.